Kengele Ambayo Babu Hakuisikia

Miaka ile nyumba yao haikujua kimya. Baba aliondoka alfajiri kwenda kusambaza mikate ya kiwanda, na mlio wa viatu vyake sebuleni ndio uliowaamsha wengine. Mama hakuchelewa kuwasha cherehani yake ya umeme katika chumba cha mbele, na ilipoanza kunguruma, vikombe vya kabatini navyo vilitetemeka. Nyuma, karibu na jikoni, Babu alikaa mezani kwake akitengeneza saa za watu. Katikati yao alipita msichana wa miaka kumi na miwili, akitafuta soksi huku akisimulia ndoto aliyoota, kioja cha darasani na vita vya paka wa jirani, yote kwa pumzi moja. Ndiyo maana walimwita Chiriku, na jina hilo likamganda mpaka shuleni.

Babu alikuwa baba yake Mama. Alikuwa fundi saa tangu ujana wake, na katika mtaa wao watu walisema anazitibu saa kama daktari. Zamani alikuwa akiiweka saa sikioni, akafumba macho, kisha akasema, "Huyu anachechemea," hata kabla hajaifungua. Baadaye alianza kumpa Chiriku saa hizo. Alimwambia amsikilize mgonjwa na amweleze anaendeleaje. Chiriku akavimba kichwa, akidhani anafundishwa kazi.

Siku moja alimwita Babu kutoka nyuma, akamwita tena, akapaza sauti, na Babu hakugeuka. Alipomgusa bega, mzee alishtuka mpaka kibano kikamtoka mkononi. Alimtazama mjukuu wake kwa muda, kisha akamwambia taratibu:

"Masikio yananichezea, mama. Lakini jambo hili ni letu sisi wawili. Sitaki watu wa nyumba hii waanze kuniona mzigo."

Chiriku aliahidi. Tangu hapo akawa masikio ya Babu. Wakati wa kula, Baba akisema jambo, yeye alilirudia huku amemwelekea Babu, kana kwamba anachangia mazungumzo. Mgeni akibisha hodi, yeye ndiye aliyetangaza kwa sauti nani amekuja. Hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa kusema sana kulikuwa ndiyo tabia yake.

Kisha ikaja siku ya wizi. Mama alikuwa amekwenda kupeleka sare za wanafunzi alizozishona. Aliurudishia mlango wa mbele bila kuufunga kwa ufunguo, maana Babu alikuwamo ndani. Aliporudi alikuta meza ya cherehani iko tupu. Kigoda kilikuwa kimeanguka, na uzi mweupe ulikuwa umeburuzwa sakafuni mpaka kizingitini. Babu alikuwa mezani kwake, ameinamia saa, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni. Alijua kuna jambo pale tu alipoinua uso na kumwona binti yake amesimama mlangoni analia.

Jirani yao, Mama Pacha, alisema alisikia kishindo cha kitu kuanguka, akadhani mzee anapanga vyombo. Jioni ile, wakati wa kula, Baba alimuuliza Babu kwa unyenyekevu, kama inavyompasa mtu anayezungumza na mkwewe, kama alisikia lolote. Babu akaangalia chini.

"Nilipitiwa na usingizi, mkwe wangu," alisema. "Nisameheni."

Chiriku aliacha kutafuna. Saa ya mwalimu mkuu ambayo asubuhi ilikuwa vipande vipande mezani, sasa ilikuwa imekamilika na inatembea. Mtu aliyelala hatengenezi saa. Babu alikuwa macho, hatua chache tu kutoka kwa mwizi. Chiriku alitaka kusema, akakumbuka ahadi, akanyamaza. Usiku ule hakuzungumza tena, na wazazi wake wakadhani ana huzuni ya cherehani.

Nyumba ikapoa. Mama aliazima cherehani ya mkono ya Mama Pacha, akawa anashona polepole na wateja wananung'unika. Babu aliacha utani wake. Aliamka kila mara kwenda kuujaribu mlango, kisha akarudi kukaa bila kugusa saa yoyote. Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alitangaza kwamba watanunua kengele ya wezi. Alisema hana uwezo wa kununua ya kifahari, ila anataka yenye mlio wa kumwamsha hata aliyelala fofofo. Alisema hivyo bila nia mbaya, lakini Chiriku alimwona Mama akimtupia Babu jicho la huruma.

Jumamosi walikwenda dukani watatu, Baba, Babu na Chiriku. Duka lilikuwa jembamba, lenye rafu zilizojaa swichi, taa na nyaya zilizoviringishwa. Mwenye duka alikuwa mwanamke mwenye penseli sikioni, na wateja wote walimwita Fundi. Kabla ya kuwaonyesha chochote, aliwauliza nyumba ina milango mingapi, madirisha yana nondo au hayana, kuna mbwa au paka, na mchana anabaki nani. Baba akamjibu kuwa mchana anabaki mzee, na wakati mwingine anasinzia.

Fundi aliwatolea kwanza kengele yenye kamera, inayotuma picha kwenye simu ya mwenye nyumba popote alipo. Chiriku aliipenda palepale, akajiona tayari anawasimulia wenzake. Baba aliuliza bei. Alipoambiwa kwamba juu ya bei hiyo kuna malipo ya kila mwezi, aliirudisha kwenye kaunta kwa mikono miwili, kama mtu aliyempakata mtoto asiye wake.

Ya pili ilikuwa ndogo kama kiberiti, ya betri. Sehemu moja yake hubandikwa kwenye mlango na nyingine kwenye fremu, na mlango ukifunguliwa, sumaku zinaachana na kengele inalia. Ilikuwa rahisi kuliko zote. Fundi alizitenganisha sehemu zake, na duka zima likajaa mlio mwembamba, mkali, unaochoma kama sindano. Mteja mmoja aliziba masikio. Baba alikunja uso huku akicheka kwa kuridhika. Alisema hiyo ndiyo yenyewe, akaanza kutafuta pochi yake.

Babu alikuwa amewapa mgongo, anatazama saa za ukutani. Hakutikisika wala hakugeuka. Alikuwa ametulia kabisa katikati ya mlio ule.

Chiriku alimtazama. Aliona mambo yatakavyokuwa: Baba na Mama wameondoka kwa amani, mwizi amefungua mlango, kengele inapiga kelele, na Babu ameinama mezani hana habari. Safari hii mwizi asingeishia chumba cha mbele. Angeweza kumkuta Babu, angeweza kumdhuru. Ahadi aliyoitunza kwa upendo ilikuwa inataka kumwacha mzee wake peke yake na hatari.

Alimfuata Babu, akasimama mbele yake ili amwone mdomo.

"Babu, kengele imelia. Watu wameziba masikio."

Babu aligeuka, akamwona yule mteja akishusha mikono. Uso wake ulibadilika. Aliuliza kwa sauti ya chini imelia lini.

"Sasa hivi. Babu, mwambie Baba. Ukishindwa nitamwambia mimi, na utanikasirikia, lakini nitamwambia."

Mzee aliweka mkono juu ya kichwa cha mjukuu wake. Kisha akatembea polepole hadi kwenye kaunta. Baba alikuwa ameshatoa noti.

"Mkwe wangu, weka kwanza hizo fedha," Babu alisema. "Siku ile sikulala. Nilikuwa macho. Sikumsikia mwizi, kama ambavyo sikuisikia hiyo kengele sasa hivi. Ni muda mrefu masikio yangu hayafanyi kazi sawasawa. Niliona ni afadhali mniite mvivu kuliko mniite kiziwi."

Baba alibaki ameshika noti hewani. Aliziweka mfukoni, akamshika mzee mkono kwa mikono yake yote miwili. Alisema yeye ndiye anayepaswa kuomba radhi, kwa kuwa ameishi naye nyumba moja, amekula naye meza moja, na hakuona. Babu akataka kumkatisha, lakini hakuwa amesikia vizuri, ikabidi Chiriku arudie. Hapo wote watatu wakajikuta wanacheka, na Babu akapangusa macho kwa kiwiko.

Fundi, aliyekuwa amejifanya anapanga balbu ili asiwaingilie, aliinama chini ya kaunta akatoa boksi jingine. Hii ya tatu haikuwa na kamera wala malipo ya kila mwezi. Ilikuwa na sumaku za milango miwili, king'ora chenye sauti nzito, na waya wa kuunganisha taa. Alisema wazee wengi hupotewa na sauti nyembamba kwanza, nzito zikabaki. Na kama hata nzito haitamfikia, taa nyekundu itawaka na kuzima mbele ya meza yake. Bei yake ilizidi kidogo ya ile ndogo. Baba akauliza kama madirisha nayo yanahitaji, na Fundi akamwambia kwa kuwa yana nondo, asipoteze fedha zake.

Walipofika nyumbani, Babu alimweleza Mama mwenyewe. Mama alimkumbatia baba yake, na Jumatatu alimpeleka hospitali. Daktari alikuta sikio moja limezibwa na nta iliyoganda, akaliosha. La pili lilikuwa limechoka kwa uzee, na kwa hilo alimwandikia kifaa cha kusaidia kusikia. Alimwambia angekuja mapema, asingepata taabu yote hiyo. Babu alirudi akilalamika kwamba kumbe kuku wa Mama Pacha wana makelele namna ile.

Fundi alikuja kuifunga kengele, Chiriku akiwa amemshikia ngazi na kumwuliza maswali mpaka akapewa bisibisi afunge skrubu ya mwisho mwenyewe. Baada ya miezi michache Mama alipata cherehani nyingine iliyokwishatumika. Haikunguruma kama ile ya kwanza, lakini ilishona.

Mchana mmoja Chiriku akiwa likizo, wakiwa wamebaki yeye na Babu, king'ora kikanguruma na taa nyekundu ikaanza kuwaka na kuzima. Babu aliinuka, akachukua fimbo yake, akamwashiria mjukuu wake apitie mlango wa nyuma amwite Mama Pacha. Alipofika chumba cha mbele alimkuta mwanamume asiyemjua, mkono mmoja ukiwa bado kwenye kitasa.

"Karibu," Babu alisema. "Unamtafuta nani?"

Mtu yule alisema amekosea nyumba. Mama Pacha na majirani wawili walipotokea, alikuwa ameshafika kona ya mtaa, anatembea haraka bila kutazama nyuma.

Jioni Chiriku alimsaidia Mama kukunja nguo. Alimwuliza jambo lililokuwa likimsumbua tangu siku ya dukani, kama alikosea kumlazimisha Babu, ilhali alikuwa ameahidi.

"Ulipoahidi ulikuwa unamheshimu Babu yako," Mama alisema. "Lakini siri ikianza kumweka mtu kwenye hatari, si siri ya kutunzwa tena. Na ulifanya vizuri kuanza na yeye, ukampa nafasi aseme mwenyewe. Baba yako angeweza kununua kengele ya bei yoyote, mwanangu. Bila ukweli ule ingelia bure."

Sasa Chiriku ni mtu mzima mwenye watoto, na nyumba ile wanakaa watu wengine. Anapoikumbuka, humwona Babu katika miaka yake ya mwisho, amekaa mlangoni asubuhi, anampungia kila mpita njia. Mgeni akianza kusema kwa mbali, mzee alimkatiza bila aibu yoyote, akivuta kiti kingine karibu.

"Njoo ukae upande huu," alimwambia. "Hilo sikio la huko limestaafu."