Kishikizo cha Tatu

"Mfuate Mhandisi. Usimguse mpaka saa sita na robo mchana."

Simu ikakatwa.

Tindo aliitazama ile Nokia kama iliyomtukana. Miaka kumi na minne ndani ya Idara ya Usalama, hakuwahi kupewa amri ya namna hiyo. Jasusi wa kigeni anakamatwa, au anapigwa risasi. Hasindikizwi kama bibi harusi.

Hapa pana kitu, alijiambia.

Mhandisi alikuwa hatua hamsini mbele, kofia kichwani, begi begani. Karatasi zake zilisema amekuja kutengeneza pampu za maji. Wiki tatu sasa, hakuna pampu hata moja iliyomwona. Sasa alikuwa anatoka kwenye mlango wa kijani, akitabasamu.

Tindo alisimama ghafla.

Mlango ule aliujua. Lilikuwa duka la dada yake, wa tumbo moja.

Dada yake ndiye aliyemshonea makoti Mzee, na Mzee alikuwa ameikalia nchi miaka ishirini na sita. Miaka tisa iliyopita watu wa Mzee walimchukua mume wake asubuhi, akiwa na ndara miguuni. Hakuna mashtaka. Hakuna maiti. Kesho yake kitambaa cha koti kikaletwa dukani kama kawaida, naye akashona. Ungefanya nini wewe?

Tindo alimwacha Mhandisi aende zake. Akaingia, akafunga komeo.

"Yule mtu alifuata nini?"

"Kupunguza suruali," alisema dada yake bila kuinua macho kwenye Singer yake.

"Dada."

"Usinidada. Nina kazi."

Macho ya Tindo yalikuwa mezani. Kadi ya vishikizo vya pembe, vile vya Mzee. Kadi huja na sita. Koti la Mzee lina sita. Kwenye kadi kimoja kilikuwa bado kimebaki.

"Umeshona nini mahali pa hiki?"

Cherehani ikanyamaza.

"Cha tatu kutoka juu," alisema mwishowe. "Kinatoa mawimbi. Gari la ikulu lilichukua koti saa mbili. Saa sita kamili Mzee yuko roshanini anapokea gwaride, na ndege isiyo na rubani itakifuata. Yule mtu ameniapia hakuna mwingine atakayeguswa."

"Na wewe ukamwamini!"

"Nimwamini nani? Wewe? Nimepiga magoti mahakamani. Nimelia mbele yako. Nani alinyanyua kidole? Mgeni ndiye wa kwanza kuniuliza mume wangu aliitwa nani."

Maneno yale yalimchoma Tindo. Hata hivyo hakunyamaza.

"Mzee akifa leo, kesho nani anashika nchi? Huyo Mhandisi atakuwa amepanda ndege kwao. Tutakaobaki kuokota maiti ni sisi."

"Tunaokota kila wiki, mdogo wangu. Bora tuokote mara moja."

 Tindo alijua kimoja: likitokea la kutokea, dada yake atanyongwa. Alibonyeza kalamu mfukoni. Ilikuwa na kinasa sauti. Akampigia mkuu wake, sauti nje ili dada yake asikie.

"Mkuu. Kwenye koti kuna kitu."

"Tunajua tangu Jumatatu."

"Basi kitoeni."

"Ya nini? Koti jipya Mzee halivai siku ya kwanza, unajua utaratibu. Kombora lije. Jioni tunatangaza wageni wametuulia watu. Hata wale wanaotutukana chooni watatoka barabarani kumshangilia Mzee. Watatupa miaka kumi mingine, bure."

"Mzee ameambiwa?"

"Angeambiwa angekimbia, na wageni wangeshtuka."

"Na aliyevaa koti?"

"Ndiyo kazi yake. Saa sita na robo niletee Mhandisi na yule mshonaji."

Simu ikakatwa. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika hamsini.

"Utaratibu gani?" aliuliza dada yake polepole.

Tindo aliweka simu mfukoni. "Mzee anaogopa sumu kwenye nguo. Kuna mtu anavaa koti jipya kutwa nzima, kwenye chumba cha pasi."

"Mtu gani?"

"Ana umbo la Mzee. Ndiyo sababu walimchukua. Miaka tisa iliyopita, nyumbani kwake." Akatazama sakafu. "Akiwa na ndara."

Dada yake alikaa chini. 

"Bega la kushoto," alisema. "Kila koti likirudi kurekebishwa, bega la kushoto limeshuka. Nikawa nacheka, nasema Mzee anazeeka vibaya. Naongeza pamba kulipandisha. Lilikuwa bega lake."

"Dada, walini..."

Kofi lilimkuta mdomoni.

"Ulijua!"

"Niliapishwa. Ningesema, wangewaua wote wawili."

"Ulijua, na kila Jumapili unakuja kula kwangu!"

Tindo alifuta damu mdomoni. Alistahili, na alijua.

Dada yake alikuwa ameshainuka. "Nipe simu ya duka. Acha kunitolea macho."

Ikulu ina mambo yake. Mzee anaogopa wachawi kuliko majeshi, kwa hiyo chochote kinachokatwa kwenye nguo yake, hata uzi, hakitupwi. Kinafungwa kwenye bahasha, kinapigwa muhuri, kinarudishwa kwa mshonaji kwa pikipiki. Mhandisi alikuwa na setilaiti, lakini jambo hilo hakuna aliyemwambia.

"Bwana Pasi? Mimi mshonaji. Kishikizo cha tatu kina ufa. Kikate unirudishie sasa hivi, kabla mkubwa yeyote hajakiona. Ee. Mimi na wewe tutaliwa nyama."  Sauti ikabadilika. "Aliyelivaa yuko hapo? Hebu muulize, bega la kushoto linambana?"

Sauti zikasikika kwa mbali. Kisha sauti ya mtu wa pasi: "Anasema halimbani. Anasema anamshukuru anayemwekea pamba, miaka yote hii."

Dada yake akaweka simu chini kwa mikono miwili. Alilia bila sauti.

Pikipiki ilifika saa tano na dakika ishirini. Tindo akapokea bahasha, akatoka mbio.

Mhandisi alikuwa juu ya jengo ambalo halijamalizika, moja tu linaloiona roshani ya ikulu, peke yake, darubini machoni, redio magotini. Alisikia hatua akageuka, lakini bastola ya Tindo, Makarov, ilikuwa tayari shingoni mwake. Pingu zikalia: mkono mmoja wa Mhandisi, upande wa pili kwenye nondo ya nguzo.

Saa sita kasoro dakika kumi na mbili.

"Unamtetea muuaji," Mhandisi alisema kwa Kiswahili cha darasani. 

"Nani kakwambia namtetea? Chumba cha pasi kina watu kumi na mmoja."

"Wangapi wanakufa magerezani kila mwaka? Piga hesabu. Kumi na mmoja ni wachache mno."

"Wachache, eh?" Tindo akachana bahasha, akatoa kishikizo cha pembe, akakitumbukiza kwenye mfuko wa shati la Mhandisi. Akafunga zipu ya mfuko, akaipiga kwa kitako cha bastola mpaka ikajikunja. "Sasa ni mtu mmoja tu. Kama ulivyomwapia dada yangu."

Akasogeza redio karibu naye. Akarudi nyuma hadi kwenye ngazi.

Mhandisi alivuta shati. Alivuta pingu. Akatazama mbingu.

Kisha akaidaka redio na kupiga kelele kwa lugha yao. Tindo hakuhitaji mkalimani. Woga una lugha moja.

Saa sita kamili bendi ya gwaride ilianza kupiga. Mbingu ilibaki tupu. Kwa darubini aliyomnyang'anya Mhandisi, Tindo alimwona Mzee akitokeza roshanini na koti la zamani, akipunga mkono, amenona. Hasira ilimpanda mpaka meno yakauma. Kumi na mmoja wako hai, na huyu naye yuko hai. Akatema mate, akageukia ngazi.

"Nawaambia Idara waje kukuchukua saa sita na robo," alimwambia Mhandisi. "Kama ilivyoamriwa."

Barabarani alipiga simu.

"Mkuu, sikiliza hii." Akabonyeza kalamu. *Angeambiwa angekimbia.* Akazima. "Mzee akisikia ulimwachia kombora nyumbani kwake, utafika jioni?"

Pumzi nzito. "Unataka nini?"

"Mshonaji haguswi. Na yule wa koti aletwe dukani saa kumi. Harudi tena."

Saa kumi kamili Toyota nyeusi ilisimama mbele ya mlango wa kijani. Akashuka mtu mnene, mvi tupu, bega la kushoto chini ya lile la kulia. Dada yake alikuwa mlangoni, futi shingoni. Hakukimbia. Alimfikia mumewe, akaweka kiganja juu ya lile bega, akakiacha hapo.

Kisha akamwona Tindo ng'ambo ya barabara. Akamtazama kitambo, akamwingiza mumewe ndani, akafunga mlango. Komeo likasikika mpaka ng'ambo.

Tindo alivaa miwani yake ya jua. Kesho ilikuwa Jumapili, naye hakuwa na mahali pa kwenda kula. Akaingiza mikono mfukoni, akaondoka bila haraka.