Ndoano ya Mkono Mmoja

Saa saba mchana mtaa wa mafundi wa vifaa vya upasuaji wa Sialkot, Pakistan, hauna pa kukanyaga, na kibanda cha dengu cha Haji Boota ndicho chenye vurugu kuliko vyote. Hapo ndipo Daktari Rubab Gilani, shali ya kijani mabegani, alipokuwa akikunja kijiko cha watu.

"Hicho bati, daktari. Kitakatika," alisema kijana aliyekaa mbele yake, vumbi la chuma hadi kwenye kope. "Unatafuta nini?"

"Ndoano ya kuinulia nyama, nitoe mawe ya nyongo kwa tundu la upana wa vidole viwili. Upasuaji wa mashine wagonjwa wangu hawaumudu."

"Niachie mimi. Naitwa Ikhlaq, napiga tupa." Akautazama mkono wa Rubab ulioshika kijiko. "Ila kijiko mlipe Haji."

Rubab alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Miezi mitatu simu hazikupoa.

"Umekula, fundi?"

"Nimekula vumbi. Nasubiri sauti yako iwe chai."

"Muongo wewe."

Ndoano ya tatu aliyomtengenezea ilimkaa Rubab mkononi kama kidole chake mwenyewe, na kitu kikikukaa hukiulizi. Wanawake kumi na mmoja aliowapasua walirudi kwao siku ya pili.

Lakini kwa kina Gilani, ukoo wa masharifu, baba alishakata shauri: hospitali ikiikubali ndoano, Rubab abaki na kazi yake, ikiikataa, aolewe na binamu yake wa Toronto. Ikhlaq, mtoto wa mhunzi, hakuna aliyemtaja.

Siku ya majaribio profesa wa upasuaji wa hospitali aliishika ndoano, ikamteleza. Akajaribu tena, ikamteleza. "Hii ya kuchezea," akasema, akaiweka chini.

Rubab alimpigia Ikhlaq simu. "Umeitengenezaje?"

"Nimeufuata mkono wako. Wewe wa kushoto, mpenzi. Niliona siku ile ya kijiko."

"Profesa wa kulia. Madaktari wote pale wa kulia. Mimi nilitaka ya watu wote, Ikhlaq."

"Nilikuwa nakuwaza wewe tu."

"Basi umenimaliza." Akakata.

Mwanamume mwingine angempigia. Huyu alijifungia na tupa siku tisa, akiamini kosa la mkono hurekebishwa kwa mkono. Upumbavu wa mafundi huo. Siku ya kumi alifika hospitalini, kanzu imenyooshwa kwa pasi, ndoano mpya mfukoni.

Rubab alikuwa akiondoa vitu vyake kabatini. Aliijaribu kwa mkono wa kulia. Viganja vyake vilikuwa na hina mpya.

"Nzuri. Yeyote ataiweza."

"Basi twende kwa profesa."

"Mpelekee wewe. Mimi nimeolewa Ijumaa."

"Na binamu yako? Si yuko Toronto?"

"Tumeozwa kwa simu ya baba. Shehe aliniuliza mara tatu kama nimekubali." Alikuwa akilia waziwazi. "Kila mara nilinyamaza mpaka mama akanifinya. Simu yangu ilikuwa mapajani, nasubiri upige."

"Niliizima yangu," alisema Ikhlaq. "Ili mkono usikosee tena."