Kombi Iliyoinamia Kushoto

Jioni ile Nyanchama alishuka mjini Kisii kumpelekea mumewe chakula. Kikapu mkononi, mtoto mgongoni. Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi uliopita na gereji ya Onsongo ilinuka grisi na matope.

Mogaka hata hakuuliza ameletewa nini. Alikuwa amechutama mbele ya gunia lililotandazwa vyuma, anashika hiki, anaweka, anashika kile, kama mwanamke achaguaye kitambaa cha arusi. Nyuma yake ilisimama Kombi yake, nyeupe na bluu, yenye kitanda ndani, mapazia na kabati la vikombe. Aliinunua kwa Mzungu mmoja wa mashamba ya chai aliyekuwa anarudi kwao. Watu wa Gesima, kijijini kwao, waliiita nyumba yenye miguu. Sasa Mogaka alitaka kuipunguza hiyo miguu. Alikuwa ameona Nairobi gari la aina ile limeshushwa mpaka tumbo linakaribia lami, na tangu siku hiyo hakulala vizuri. Isitoshe, alisema, kwenye kona za Manga upepo uliiyumbisha kama mlevi.

"Barabara ya kwenu ina mashimo ya kuzika ng'ombe," Onsongo alimwambia, "na wewe unataka gari litambae kwa tumbo."

"Wewe nishushie tu, bwana. Mashimo ni yangu."

Wakaendelea kuchagua. Shoki fupi za kuzuia mtikiso, kwa sababu zile ndefu zingegonga gari likishuka. Mikono ya kushika magurudumu ya mbele, iliyofunguliwa kwenye Kombi nyingine iliyopinduka. Nyuma kulikuwa na vyuma virefu vinavyojipinda ndani ya bomba. Ukivigeuza meno machache, gari linakaa chini. Shida ilikuwa bushi za kushika ncha za vyuma hivyo. Zilikuwa zimeoza na mjini hazikupatikana. Onsongo akasema angetosheka na pete za chuma, mradi ziwe nene.

Hapo Mogaka akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Akakifungua polepole.

Pete za chuma. Nyeusi, laini kwa kuvaliwa, kila moja imekatwa kwa tupa upande mmoja.

Nyanchama alizijua. Kila mtu wa Kisii angezijua. Ni ebitinge, pete ambazo mama zetu walivishwa vifundoni siku ya kuolewa na hawakuzivua tena mpaka mume afe. Bibi yake mwenyewe alitembea nazo, ukimsikia kabla ya kumwona.

"Za nani?" Onsongo akauliza, bila kuzigusa.

"Za marehemu."

Marehemu alikuwa Persis, mke wa kwanza wa Mogaka, aliyekufa bila kuzaa. Nyanchama alikuwa ameolewa baada ya kaburi lake kuota nyasi, na siku zote aliamini nyumba ilikuwa yake peke yake. Kumbe mumewe alikuwa anatembea na miguu ya mwingine kifuani.

Akamkaza mtoto mgongoni.

Onsongo ndiye aliyesema. "Pete hizi hutoka mume akifa. Wewe uko hai. Nani alizitoa?"

Mogaka akaeleza kwa sauti ya chini. Ugonjwa ulipomvimbisha Persis miguu, pete zilianza kuingia nyamani. Alizikata mwenyewe, kwa tupa, akimpaka samli ili asiumie. Lakini Persis alilia. Hakulia kwa maumivu. Alilia akisema kwamba anafukuzwa. Hakumaliza juma lile.

"Alipenda sana safari," Mogaka akamaliza. "Acha naye asafiri."

Onsongo alimtazama Nyanchama, kana kwamba anamngoja akatae. Wivu ni kitu cha ajabu. Ungemfanya aseme hapana, lakini kusema hapana ni kukiri kwamba anamwogopa mfu. Akainamisha macho, akamfungulia mumewe chakula.

Pete zikaingia ndani ya Kombi.

Gari lilitoka limetulia, zuri, limelala chini kama paka. Kwa siku chache Mogaka alikuwa mtu wa furaha. Alipeleka ndizi Kisii, akarudi na sukari, akawapakia wazee waliotoka kanisani bila kuwadai chochote. Nyanchama alianza kujicheka kwa hofu yake.

Kisha akakutana na Drusilla, jirani yao, kwenye njia ya mtoni. Drusilla alikuwa mwema wa mikono. Nyanchama alipojifungua, yeye ndiye aliyemchotea maji. Ila ulimi wake ulikuwa na miiba.

"Siku hizi hutusalimii, mke wa Mogaka. Jana umepita umekaa mbele na bwana, kitambaa cheupe kichwani, unaangalia mbele tu kama malkia."

Jana Nyanchama alikuwa shambani, anachuma chai.

Wala hakuwa na kitambaa cheupe.

Siku nzima alitafuna maneno yale. Gari lenye kitanda na mapazia... Nani asingejua linatumiwa kwa nini? Jioni akamfunga Mokeira, mtoto wake, mgongoni, akaenda kusimama pale barabara ya Manga inapokata kuelekea kwao, penye kona. Huko mwendo hupungua. Alitaka kumwona huyo mwanamke uso kwa uso.

Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Akaisikia Kombi kabla ya kuiona. Injini. Matope. Na juu ya hayo, sauti nyingine.

Kling... kling... kling.

Mwendo wa mwanamke anayetembea bila haraka.

Taa zikatokea. Gari likasimama. Mogaka alikuwa peke yake. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu.

Lakini gari halikuwa limesimama sawa.

Limeinamia kushoto. Limeinama kabisa, mpaka tope liligusa chuma cha chini, kama vile mtu mzito ameketi pale.

Nyanchama akafungua mlango. Harufu ikampiga usoni. Samli ya zamani, iliyokolea moshi, na harufu ya nguo za mgonjwa. Na polepole, fsss... upande wa kushoto ukainuka.

Mtu alikuwa amempisha.

"Baba Mokeira," akanong'ona. "Umembeba nani?"

Mogaka alishika usukani kwa mikono yote miwili. "Ingia. Usiseme kwa nguvu."

"Unazungumza naye?"

"Mimi ndiye ninayezungumza. Yeye hukaa tu."

Hilo lilimchoma kuliko hofu. Nyumbani Mogaka alikuwa mtu wa maneno machache, anakula, anashukuru, analala. Kumbe maneno yalikuwepo. Yalikuwa yanabebwa njiani kila siku, yanamwagwa kwenye kiti kitupu.

Wazee wetu wana jina la chuki hiyo ya wake wenza, engareka. Nyanchama alidhani ni kitu cha bibi zake, kilichobaki nje ya mlango wa kanisa. Sasa alikisikia kifuani kama kaa la moto. Akaketi kwenye kile kiti kwa nguvu zote, akajibana hapo, akatamka bila kugeuka nyuma:

"Dada, mimi ndiye niliyeolewa hapa. Ulipumzishwa. Kiti hiki ni changu."

Injini ikaonekana kupunguza sauti.

Kisha akahisi upepo wa pumzi nyuma ya shingo. Mtoto, aliyekuwa akilia tangu barabarani, akanyamaza ghafla. Akacheka. Kicheko kile cha mtoto anayechezewa vidole.

Nyuma ya gari kukashuka. Shoki zikaguna. Kling.

Nyanchama akamvuta mtoto kutoka mgongoni na kumkumbatia kifuani. Kidole cha Mokeira kimoja kilikuwa na mafuta. Yaling'aa. Yalinuka samli.

Hapo ndipo alipoelewa. Kiti hakikuwa na maana yoyote. Persis hakuja kumdai mume.

"Endesha," akamwambia Mogaka. "Na mtoto huyu usimtazame. Tazama barabara."

Kesho yake walirudi kwa Onsongo kabla maduka hayajafunguliwa. Fundi hakuuliza kitu. Alifungua bomba, akazitoa pete kwa koleo, mkono wake haukuzigusa, akairudisha Kombi juu ilivyokuwa. Jinsi alivyowasha jiko na kumpa Nyanchama uji wa moto wakati wa kungoja, hilo Nyanchama hakulisahau. Mogaka alizichukua pete akazizika kwenye kaburi la Persis, katikati ya migomba. Alipiga magoti pale muda mrefu. Nyanchama alimwacha. Kwa mara ya kwanza hakumwonea wivu. Alimhurumia yule mwanamke aliyelia akidhani anafukuzwa na mkono uliokuwa unamponya.

Baada ya hapo Kombi ilisimama sawa. Drusilla hakuona tena kitambaa cheupe. Mogaka akaanza kuzungumza mezani, taratibu, kama mtu anayejifunza.

Lakini wapo wanaoondoka na wapo wanaohama.

Mara kwa mara Nyanchama akirudi kutoka kuchuma chai hukuta mtoto aliyemwacha amelala amefunikwa vizuri, blanketi limekunjwa pembeni kwa mkunjo ambao yeye hajui kuukunja. Akikohoa mtoto, kikohozi hukatika kabla mama hajafika. Nyanchama hajaamua kama ashukuru ama apige kelele. Mtoto ananenepa. Hajaugua hata siku moja.

Jumamosi iliyopita, baada ya ibada ya Sabato, alimweka Mokeira kitandani akaenda mlangoni kumwaga maji. Alikuwa akingoja neno la kwanza la mtoto kwa miezi. Alimfundisha kila asubuhi, akijigusa kifuani, akilirudia.

Akalisikia nyuma yake. Wazi kabisa.

"Mama."

Akageuka akicheka, mikono imefunguliwa.

Mtoto alikuwa amempa kisogo. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili kuelekea upande mwingine wa kitanda, karibu na ukuta, pale ambapo godoro lilikuwa limebonyea.