Jina Walilolitoa Wachimbaji

Dieulon aliinua sururu. Mkewe, Saintanise, akaenda kukalia mstari wa vetiva, nyasi ya mizizi yenye harufu nzuri, ambao mumewe alitaka kuuchimba.

"Ondoka, mama watoto."

"Chimba. Anzia hapa nilipokaa."

Chini ya kilima, lori la Fénel, dalali wa mizizi, lilikuwa linangoja. Kiwanda cha mafuta ya manukato kilitaka mizizi wiki hii. Lakini vetiva yao ilikuwa na miezi minane tu. Mwaka jana walichimba hivyo hivyo, mvua zikiwa karibu. Udongo uliolegea uliporomoka ukabeba jiko zima. Sasa korongo lilikuwa hatua sita kutoka mlango wa nyumba.

Jirani yao Rosemond, mfanyakazi wa kitalu cha miche, alipanda kilima na gunia la vichipukizi vya vetiva. Fénel alimfuata nyuma.

"Rosemond, wewe msomi," alisema Fénel. "Waambie maana ya jina vetiva."

"Limetoka kwa Watamili, kusini mwa India. Kwao maana yake ni mzizi unaochimbwa."

Fénel akacheka. "Mmesikia? Nyasi yenyewe inaomba sururu."

Saintanise hakuinuka. "Waliotoa jina hilo walitazama walichokichukua. Hawakutazama walichokiacha. Jiko langu liko baharini, Fénel. Kalichimbe huko."

Rosemond alisema taratibu, "Mizizi michanga haina mafuta mengi. Chimbeni penye tambarare, vetiva ikifikisha mwaka na nusu, wakati wa kiangazi. Siku hiyo hiyo pandeni tena mashina yake. Lakini mistari inayokata mteremko msiiguse. Ndiyo inayoshika udongo."

"Na kiwanda nikiambie nini?" aliuliza Fénel.

"Kiambie mke wangu amekaa," alisema Dieulon.

Akashusha sururu. Akaanza kuchimba mtaro mwembamba wa kupandia, kukata mteremko.

"Mtanitafuta," alisema Fénel.

"Mwakani, kiangazi," alijibu Saintanise. "Uje na lori kubwa."

Lori likaondoka tupu. Alasiri mvua ikanyesha. Maji mekundu yaliteremka hadi kwenye mstari alioukalia Saintanise, yakapunguza mwendo, yakaacha tope nyuma ya nyasi. Yaliyopita upande wa pili yalikuwa karibu maangavu.

Dieulon alipima kwa miguu kutoka mlangoni hadi korongoni. Hatua sita, kama asubuhi.

Nusu ya mtaro ilikuwa imepandwa. Saintanise alifunika vichipukizi vilivyobaki kwa gunia bichi, akaacha sururu imesimama pale kazi ilipoishia.

"Kesho tuanzie hapo," alisema.