Mtoto Bila Kondo

Kitanda cha mtoto kilikuwa kitupu na shuka bado lina uvuguvugu. Mama yake, aliyepasuliwa jana, alilala pembeni na dripu mkononi, akimuuliza kila aliyepita: "Mwanangu mmempeleka wapi?"

Inspekta alianza na kitanda. Alama za vidole zilikuwa za wodi nzima. Mlinzi wa lango aliapa hakutoka mtu na mtoto, na askari walishapekua hadi matenga ya nguo chafu.

"Nani alimwona mwisho?"

"Wifi wa mgonjwa," nesi alijibu. "Ni mhudumu wetu hapa wodini."

Wifi aliketi, mikono juu ya aproni, macho makavu.

"Mtoto wa kaka yako kaibwa. Mbona hulii?"

"Afande, muulize daktari kondo la nyuma liko wapi."

"Kondo gani?"

"Kila mtoto huja na kondo lake. Ndoo za chumba cha upasuaji nabeba mimi. Ya wifi yangu jana ilitoka bila kondo. Na kwenye ultrasaundi nilimpeleka mwenyewe, mpimaji akasema mfuko wa uzazi hauna kitu. Nikajua tumboni ni uvimbe tu. Sasa mtoto katoka wapi?"

Inspekta alikuna kichwa. Mfuko mtupu, ndoo tupu, kitanda kitupu. Alizoea wezi wa betri za magari. Hao angalau huacha gari. Akaenda kwa daktari wa upasuaji.

"Huyu mama kazaa au hakuzaa?"

"Kazaa. Ila mimba ilikua nje ya mfuko wa uzazi, tumboni, katikati ya utumbo. Ni nadra sana, na mara nyingi tunapoteza mama au mtoto."

"Na kondo?"

"Limo ndani bado. Limeng'ang'ania utumbo na mishipa mikubwa. Ningelibandua, angevuja damu afe mezani. Tulikata kitovu, tukafunga, tukaliacha. Mwili utalinyonya taratibu, nasi tutamchunga asipate homa wala kuvuja damu."

"Ndugu mliwaeleza?"

"Mume tu." Daktari alitazama viatu vyake. "Wahudumu huwa hatuwaelezi. Inspekta, mtoto yule ni mdogo mno. Akipoa, tunampoteza, na sidhani kama mama yake atapata mwingine."

Ndipo Inspekta alipoacha kumtafuta mwizi. Alirudi mbio kwa wifi.

"Jana kuna kondo lililotoka, mtoto akakosekana?"

Wifi aliinamisha kichwa. "Moja. La yule wa chumba cha pembeni. Walimwambia wake kafa, na hakuonyeshwa hata maiti. Nikajumlisha mwenyewe: huku mtoto bila kondo, kule kondo bila mtoto. Wifi yangu kahangaika miaka kutafuta mtoto, nami nampenda. Lakini wa kuiba? Kaka yangu hawezi kulea machozi ya mtu. Nikamrudishia yule wa pembeni mtoto wake."

Inspekta akamweleza kondo lilipo. Alieleza vibaya, akachanganya utumbo na ini, lakini wifi alielewa. Aliteleza kutoka kitini hadi sakafuni.

"Basi mwizi ni mimi," alisema. "Nifunge, afande."

Chumba cha pembeni ndicho pekee ambacho askari hawakukipekua. Waliambiwa ndani kuna mfiwa, wakaona haya. Inspekta alibisha hodi, daktari nyuma yake.

Mwanamke aliketi kitandani, kichanga kifuani mwake, ngozi kwa ngozi, kimefunikwa blanketi. Kilikuwa hai na kina joto. Daktari alishusha pumzi.

"Karibuni," mwanamke alisema, uso umechangamka. "Mlinitia hofu bure, daktari. Nilijua tu mmekosea."

Inspekta alivua kofia. Alishakamata majambazi wenye bunduki bila kutetemeka, na sasa alisogelea kitanda hatua moja moja.

"Mama," alisema, "hebu nimshike kidogo."

Mwanamke alimnyooshea mtoto kwa furaha.

"Mshike kichwa vizuri, baba," alimwelekeza. "Shingo yake bado haijakaza."