Swichi Kuu Chini ya Ngazi

Sogeeni, wajukuu zangu, na atakayecheka atoke, maana haya yalimpata binti wa shoga yangu, yule fundi umeme.

Mchana mmoja aliitwa kubadilisha soketi katika ghorofa la zamani. Swichi kuu ilikuwa stoo, chini ya ngazi, na mwenye nyumba aliifungia kwa kufuli. Mwaka uliotangulia, mama wa chumba cha tatu alinaswa na umeme akipiga pasi. Majirani waliugonga mlango wa stoo mpaka mikono ikavimba, kumbe ufunguo uko mfukoni mwa bwana yule, naye yuko safari. Mama wa watu akafa.

"Mzee, sheria inataka kila mpangaji aifikie swichi bila kumwomba mtu ufunguo!" fundi alimfokea mwenye nyumba.

"Wataichezea, binti yangu."

"Usiniite binti yako! Fungua!"

Akafungua shingo upande. Fundi akaingia gizani, akashusha swichi, tak! Jengo zima likanyamaza. Ndipo akasikia mlio mwembamba ukutani, zzzz. Akamulika tochi. Mita zote zilikuwa zimesimama, isipokuwa ya chumba cha tatu, kisahani chake kilikuwa kinazunguka. Nyaya zake zilikatwa tangu siku ya msiba.

"Na hii je, mzee?"

Mzee alikwisha kukimbia.

Hakumaliza mwezi, akafa. Mwanawe mdogo alirithi gari, mkubwa akarithi jengo na ufunguo, na stoo akaifunga vilevile, hana haya! Umeme ukikatika, wapangaji wanaopita ngazini husikia visahani viwili vikizunguka.