Jina Lililowasha Chenso

Chenso, ule msumeno wa injini, ilikuwa ya moto. Fundi Mihayo aliipokea kutoka kwa Donatus, mpasua mbao, asubuhi ya baridi, maji ya mvua bado yanadondoka kwenye mabati. Aliiweka juu ya meza kibandani, nyuma ya nyumba yake pale Nyarugusu, kisha akatazama viganja vyake kama mtu aliyeipua sufuria bila kitambaa.

"Umeiwasha njiani?"

"Niiwashe na nini, fundi? Haijanguruma tangu mwezi uliopita. Tangi kavu."

"Basi ina homa. Ungeipeleka zahanati, bwana. Mimi natibu vyuma tu."

Mihayo ndivyo alivyokuwa. Alikwisha kutengeneza mashine za mkonge Tanga, injini za boti Nkome, na trekta moja huko Zambia ambalo, kwa maneno yake mwenyewe, lilipona siku alipoacha kulishika. Katika safari zote hizo alichuma sanduku la spana na kitambi. Kabla ya kusema kichekesho hukohoa mara mbili, hm-hm, na watu wake walishazoea, wakawa wanacheka kabla hajasema kitu.

Donatus hakucheka. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba alikuwa akikata matimba, yale magogo ya kuzuia duara, shimo la dhahabu, lisiwabomokee wachimbaji, akakuta mninga umesimama mdomoni mwa duara la zamani lisilochimbwa tena. Mizizi yake ilikuwa imeshuka humo shimoni.

"Ulipoanguka, kitu kilipumua kule chini. Chenso ikazimika hapo hapo."

"Duara la zamani lina hewa mbaya."

"Hewa haivuti miguu ya mtu, fundi."

Akaondoka bila kuaga vizuri.

Kwa Mihayo mashine ilikuwa vitu vitatu: moto, mafuta na pumzi. Alifungua plagi, akaigusisha kwenye chuma, akavuta kamba. Cheche ya buluu, safi. Alipuliza kabureta, matundu wazi. Akaziba tundu la plagi kwa kidole gumba, akavuta tena, na pumzi ikamsukuma kidole kama inavyotakiwa. Kisha, kamba imekwisha kutulia, pumzi ile ikarudi ndani ikamvuta kidole, ikaachia, ikavuta, ikaachia, taratibu, kama mtoto anayenyonya.

Alichomoa kidole. Kilinuka udongo mbichi wa shimoni. Akakifuta kwenye suruali, akajicheka: mzee mzima anaogopa silinda!

Spea zilikuwa hadithi za watu wa mjini, hivyo ringi za pistoni alizitoa kwenye chenso nyingine iliyokufa. Akafunga kila kitu, akatia mafuta, akavuta. Kimya. Akafungua, akakagua, akafunga, akavuta mpaka bega likauma. Mashine ilikuwa nzima kabisa, na ilikuwa imekufa kabisa.

Mkewe, Paskazia, alikuwa kivulini na mtoto wao wa miezi mitatu, aliyekuwa analia.

"Labda inataka jina," akamtania mumewe.

Mtoto wao alipata jina lake hivyo hivyo. Alizaliwa akilia bila kukoma, bibi yake akamtajia wazee wa ukoo mmoja mmoja, na alipofika kwa Maganga, marehemu baba yake Mihayo, mtoto akanyamaza. Kwao, mtoto wa namna hiyo anadai jina lake, na akishalipata, limekuwa lake.

Mihayo akakohoa, hm-hm. Paskazia akaanza kucheka.

"Haya, ng'wana wane, mwanangu, wewe nani? Makoye?" Akavuta kamba. Kimya. "Au ni Sikujua?" Kimya. "Jafferali wa dukani?" Paskazia alicheka mpaka kanga ikamteleza. "Basi wewe ni Maganga?"

Ikawaka.

Mihayo alizima swichi, ikaendelea. Akachomoa waya wa plagi, ikaendelea. Akaipindua, mafuta yote yakamwagika chini, nayo ikazidi kunguruma, sauti yake ikipanda na kukatika, ikipanda na kukatika, mpaka iliporidhika ikanyamaza yenyewe. Ndipo alipomsikia Paskazia akinong'ona.

"Baba Maganga. Mtazame mtoto."

Mtoto alikuwa analia. Kinywa wazi, machozi yanatiririka, mishipa ya shingo imesimama. Sauti haikuwepo.

Pale zahanati walimtazama koo wakasema ni zima. Mtoto alikataa ziwa, akaanza kukonda. Lakini chenso ililia. Ililia mchana mweupe, plagi ikiwa imelala pembeni yake mezani, saa zile zile za kunyonyesha, na kila ilipolia maziwa yalimtoka Paskazia yakalowesha kanga, na miguu yake ikaanza kumpeleka kibandani kabla hajajua anakwenda wapi. Donatus alikuja kuichukua, akaisikia tangu njiani, akageuza. Mihayo akaibeba mwenyewe hadi kwenye lile duara, akaitupa, akaisikia inagonga kuta za shimo huku ikienda chini, ikigonga, ikienda, bila kufika, akarudi nyumbani karibu anakimbia, na kabla hajafika uani akaisikia inalia, na alipoingia kibandani akaikuta mezani, ya moto, ina tope jekundu, na mkewe ameinama juu yake akiwa amefungua kifua.

Akamwita mganga Bernadina. Mama huyo alisimama mlangoni, hakugusa kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani aliyekipa jina?"

"Nilikuwa natania."

"Chenyewe hakijui utani. Kisicho na jina hakina pa kukaa, kilikuwa kinahangaika tu huko chini. Wewe umekipa pa kukaa. Tena jina lenye mwenyewe."

"Kiondoe, mama. Nakusihi."

"Siwezi, baba. Hakuna anayeweza. Kitakubali kubadilisha tu: kirudishe la mtoto, kipewe jina la mtu mzima wa nyumba hii."

"Langu," akasema Paskazia.

Mihayo akakohoa, hm-hm. Hakuna aliyecheka. "Lako refu, mama. Litaziba kabureta."

Akashika kamba.

"Mihayo," akasema, akavuta.

Ilinguruma mara moja, ikazimika. Na katika kimya kile mtoto akalia, kilio chembamba, kikavu, kizuri kuliko wimbo. Paskazia akamdaka.

"Baba Maganga, sikia! Msikie mwanao!"

Mumewe aligeuka. Akafungua kinywa, akakiacha wazi.

Sasa hukaa kibandani. Hula akilishwa. Paskazia akimwita Baba Maganga, hugeuza shingo taratibu, midomo ikicheza bila neno. Mtoto amenenepa, anabebwa mgongoni.

Adhuhuri moja Paskazia alichoka na kimya kile. Alipiga magoti mbele ya mumewe, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe: akamwita kwa jina lake.

"Mihayo."

Mumewe hakugeuka. Mezani, chini ya gunia, pale ilipolala chenso isiyo na plagi, kitu kikakohoa mara mbili.

Hm-hm.

Na mtoto, kule mgongoni, akaanza kucheka.